Gari la Kulala Lisilopata Joto: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Barabara ya Nakuru na Timboroa

Gari linalochambuliwa hapa ni Toyota HiAce ya miaka ya 1990 yenye injini ya dizeli ya 3L, ambayo ujazo wake ni takriban lita 2.8. Lilibeba abiria kati ya Kisumu na Nakuru kwa muda mrefu kabla ya kununuliwa na daktari wa mifugo anayeishi Nakuru. Viti vya abiria viling'olewa, pakawekwa kitanda cha mbao, kabati la dawa, meza ya kukunja na pembe ya kusimamishia mtungi wa nitrojeni ya kimiminika unaohifadhi mbegu za ng'ombe. Daktari huyu hutoa huduma ya uhimilishaji, ile ambayo wafugaji huiita AI, katika vijiji vya Molo, Kuresoi, Mau Summit na Timboroa, na kwa kuwa ng'ombe aliyeonekana anataka dume jioni hupaswa kuhudumiwa asubuhi inayofuata, mara nyingi yeye hulala garini karibu na zizi badala ya kurudi mjini usiku.

Malalamiko yake yalikuwa mawili, na aliyaeleza kana kwamba ni moja. Kwanza, hita ilipuliza hewa isiyo na joto la maana hata baada ya mwendo mrefu, kiasi kwamba akipita Mau Summit asubuhi yenye ukungu alilazimika kufuta kioo cha mbele kwa kitambaa huku mkono mwingine ukishika usukani. Pili, akilala Timboroa aliamka usiku wa manane miguu imekufa ganzi, na kulipokucha alikuta bati la ndani ya paa likidondosha maji juu ya blanketi. Suluhisho alikuwa amekwisha kulichagua: hita ya dizeli ya kujitegemea, miongoni mwa zile zinazotengenezwa China na kuuzwa mtandaoni zikiwa zimeandikwa kilowati 5. Alichotaka kwetu gerejini ni kufungiwa tu.

Hatukuifunga. Injini ya dizeli hugeuza takriban theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutoka kama joto kupitia ekzosi na maji ya rejeta. Injini ya ukubwa huu ikipanda mlima ikiwa na mzigo humwaga ndani ya maji yake makumi ya kilowati, ilhali hita ya mtandaoni, hata ikitoa kila kilichoandikwa kwenye sanduku lake, ni kilowati tano. Gari lenye joto la kiasi hicho ambalo dereva wake anatetemeka halihitaji chanzo kingine cha joto kwanza. Linahitaji kuulizwa joto lake linakwenda wapi.

Ilibidi pia baridi mbili zitenganishwe. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Molo iko karibu mita 2,500, na Timboroa hupita mita 2,700. Kwa kanuni ya kawaida kwamba joto la hewa hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi za selsiasi kila mita 1,000 za kupanda, dereva anayetoka Nakuru hupoteza karibu nyuzi sita kabla ya kufika Timboroa, hata kama hali ya anga haikubadilika hata kidogo. Mwezi wa Julai mawingu hukaa juu ya nyanda hizo mchana kutwa, jua halipenyi, na baridi inayomsumbua mtu ni ya mchana, yenye unyevu na ukungu. Kuanzia Desemba hadi Februari mambo hugeuka: mchana jua huwaka, lakini usiku anga likiwa wazi ardhi hutoa joto lake lote angani, na ndiyo miezi ambayo sakitu, yaani umande ulioganda, huunguza majani ya chai na viazi katika mabonde ya nyanda za juu. Baridi ya Julai hukabiliwa injini ikiwa inanguruma. Ya Januari hukabiliwa injini ikiwa imezimwa, mtu amelala. Kifaa kimoja hakiwezi kuzijibu zote mbili vizuri, na tulianza na ile ya kwanza kwa sababu inagusa usalama wa barabarani.

Hita ya gari la namna hii haina mwako wake yenyewe. Maji ya moto kutoka kwenye injini hupitia hozi moja hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, feni hupuliza hewa kupitia mapezi yake, na maji yaliyopoa hurudi injini kwa hozi ya pili. Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa vidole. Injini ya HiAce iko chini ya viti vya mbele. Kiti kikiinuliwa, hozi hufikika bila kufungua kitu kingine. Injini ikiwa imeshapata joto na kidhibiti cha hita kimewekwa mwisho wa upande wa moto, fundi hushika hozi zote mbili. Zikiwa zote moto na hewa inayotoka bado ni baridi, kosa liko kwenye vilango vya kuelekeza hewa ndani ya dashibodi. Moja ikiwa moto na ya pili vuguvugu, maji hayapiti sawasawa ndani ya rejeta ya hita. Zikiwa zote hazina joto, ama valvu ya hita imefungwa, ama hewa imenaswa kwenye mfumo, ama maji yenyewe hayajawahi kupata moto.

Hapa hozi ya kwanza ilikuwa vuguvugu na ya pili karibu baridi, jibu ambalo kwa mtazamo wa haraka lingepeleka mtu kwenye rejeta ya hita peke yake. Lakini ile ya kwanza haikupaswa kuwa vuguvugu. Tulipima nyumba ya thamostati, ile valvu inayodhibiti joto la maji ya injini, kwa kipimajoto cha kuelekeza kinachotumika gerejini (vile vya paji la uso vilivyosambaa mwaka 2020 havifai, kwa kuwa vimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu tu), na baada ya mwendo wa barabara tambarare kilisoma nyuzi 60 na kitu. Katika mteremko wa kutoka Sachangwan kuelekea Salgaa, ambako dereva anayetumia gia kupunguza mwendo huwa hachomi mafuta karibu yoyote, sindano ya geji iliteremka pamoja na gari. Injini hii ilipaswa kukaa nyuzi 80 na zaidi bila kujali barabara inapanda au inashuka.

Nyumba ya thamostati ilipofunguliwa ilikuwa tupu.

"Daktari, aliyekuuzia gari alikwambia lilikuwa linachemka?"

"Aliniambia lilichemka zamani, ila fundi mmoja aliumaliza huo ugonjwa."

Ugonjwa wenyewe si mgumu kuukisia. Barabara ya kutoka Kisumu hupita Ahero na Awasi katika joto la bonde la ziwa, kisha hupanda kupitia Kericho hadi Mau Summit, kupanda kwa zaidi ya mita 1,300 gari likiwa limejaa abiria na mizigo juu ya keria. Rejeta iliyochoka huonyesha uchovu wake hapo. Fundi aliyeitwa kando ya barabara, abiria wamesimama kwenye nyasi wakidai nauli yao, alifanya kile ambacho mafundi wengi wa nchi hii hufanya: akaondoa thamostati ili maji yazunguke bila kizuizi. Sitamlaumu sana. Kwa siku ile, gari lilifika.

Lakini thamostati haizuii maji kwa ubaya. Ni valvu yenye nta ndani ya kikombe cha shaba. Nta ikipata joto huvimba na kusukuma mlango ufunguke, ikipoa mlango hufungwa na springi. Injini ikiwa baridi, maji huzunguka ndani ya injini na hita tu, hayaendi kwenye rejeta kubwa, na ndiyo maana gari lisilo na hitilafu huanza kutoa joto la hita baada ya kilomita chache. Bila thamostati, rejeta kubwa hupokea maji tangu dakika ya kwanza na kuyapoza, iwe mtu anataka au hataki, na hita hupata masalio. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba katika injini nyingi za Toyota thamostati ina kisahani cha pili upande wa chini ambacho, mlango mkuu ukifunguka, huziba njia ya mkato inayorudisha maji injini bila kupitia rejeta. Ukiondoa thamostati, mkato huo hubaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka bila kupozwa, hasa wakati wa mlima mzito ambapo kila tone lilihitajika kwenye rejeta. Ndiyo maana gari hili lilikuwa baridi kwenye tambarare na bado lilitishia kuchemka kwenye mlima, hali ambayo daktari alikuwa ameikubali kuwa ni tabia ya magari ya zamani. Dizeli inayofanya kazi chini ya joto lake pia hula mafuta zaidi, na oili hubaki na unyevu ambao haupati nafasi ya kukauka, ingawa hayo hayakuwa malalamiko yaliyoletwa.

Kurudisha thamostati peke yake kungekuwa kosa. Kilichosababisha iondolewe bado kilikuwamo garini, na gari likichemka tena, fundi wa kwanza wa njiani angeiondoa tena na sisi tungekuwa tumefanya kazi bure. Kwa hiyo kazi ya hita ilianzia kwenye rejeta kubwa, mbele kabisa ya gari, mahali ambapo mteja hakutarajia kulipia chochote.

Rejeta ilitolewa. Nje, kati yake na kondensa ya kiyoyozi, palikuwa na blanketi la wadudu, vumbi jekundu na nyuzi za mabua, uchafu ambao hauonekani gari likiwa limefungwa kwa sababu kondensa huuficha. Ndani, mirija ya chini ilikuwa imejaa tope la kutu. Fundi wa rejeta aliifungua vichwa, akaisafisha mirija mmoja mmoja na kuifunga upya. Kifuniko cha rejeta nacho kilikuwa kimelegea springi, na hili linastahili kuelezwa kwa sababu kwenye nyanda za juu lina uzito kuliko pwani. Maji yaliyo wazi huchemka nyuzi 100 Mombasa, lakini Nakuru huchemka karibu nyuzi 94 na Timboroa karibu nyuzi 91. Kifuniko kizima chenye shinikizo la bari 0.9 huongeza kiwango hicho kwa zaidi ya nyuzi 20, kwa hiyo hata Timboroa maji huvumilia kupita nyuzi 110 kabla ya kuchemka. Kifuniko kilicholegea humrudisha mtu kwenye 91, na injini yenye thamostati ya nyuzi 82 hubaki na nafasi ndogo mno ya kupumua. Huenda magari mengi yaliyong'olewa thamostati katika ukanda huu yalihitaji kifuniko kipya tu.

Thamostati mpya ilijaribiwa kabla ya kufungwa, kwa njia ya kawaida ya sufuria. Ilitundikwa kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, kipimajoto kikatundikwa kando yake, maji yakapashwa polepole. Kiwango chake, 82, kimegongwa kwenye chuma. Karibu na nyuzi hizo mlango ulianza kuachana na kiti chake, upenyo mwembamba kama ukucha, kisha ukaendelea kufunguka kadiri kipimajoto kilivyopanda, hadi maji yalipoanza kutokota na kipimajoto kikagoma kupanda zaidi. Mlango haukuwa umefunguka wote. Mwanafunzi wetu aliyekuwa anashika uzi alisema thamostati ni mbovu, na kwa hakika thamostati nzuri nyingi hutupwa Nakuru na Eldoret kwa hukumu hiyo hiyo. Thamostati inayoanza kufunguka kwenye 82 hufunguka kikamilifu kwenye nyuzi 95 hivi, na maji ya sufuria Nakuru hayafiki huko hata yakichemshwa mchana kutwa. Ndani ya injini, chini ya shinikizo la kifuniko, yatafika. Kinachotafutwa kwenye sufuria ya mahali hapa ni ianze wapi na ijifunge ikipoa, basi. Wakati wa kuifunga, kile kijivalvu kidogo cha kupitisha hewa kiliwekwa juu, kwa kuwa kikiwekwa chini hewa hunaswa nyuma ya thamostati na kuichelewesha kufunguka.

Ilibaki rejeta ndogo ya hita, ambayo hozi zilikwisha kusema haipitishi vizuri. Hozi zake zilitolewa, na maji ya bomba yakaingizwa kwa kasi ndogo kupitia mdomo wa kutokea ili yasukume uchafu kurudi ulikotoka. Kasi kubwa huitoboa, na rejeta ya hita iliyotoboka humwaga kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, kwenye miguu ya dereva. Kwanza yalitoka maji ya rangi ya chai ya rangi, kisha tope lenyewe, kisha vipande vya magamba. Myeyusho wa asidi ya sitriki, ambayo hupatikana kwa wauzaji wa viungo vya kuoka, uliachwa ndani yake kwa saa chache, ukasuuzwa, na mtiririko ukawa sawa pande zote mbili. Valvu ya hita ilikuwa ikifunguka nusu kwa sababu kebo yake ilikuwa imechomoka kwenye kishikio. Hilo lilikuwa jambo la dakika chache.

Kutu yote hiyo ilitoka kwenye maji matupu. Gari lilikuwa limezoea kujazwa maji ya mfereji, ya kisima, hata ya mtaro pale lilipochemkia. Tulijaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri; mnunuzi ahakikishe si yale yenye asidi. Wapo wanaosema kulanti ni ya nchi za theluji na Kenya haigandi. Katika nchi za baridi kali ni kweli huzuia kuganda, lakini hapa kazi yake ni dawa za kuzuia kutu zilizomo, na bila hizo rejeta ya hita, ambayo mirija yake ndiyo myembamba kuliko yote, huziba kwanza. Hewa ilitolewa gari likiwa limeegeshwa kichwa kikitazama mlimani, hita imefunguliwa, injini ikinguruma hadi viputo vilipokoma mdomoni mwa rejeta.

Hewa ya hita sasa ilikuwa moto, ila miguu ya dereva bado ilipata baridi, na hapa sababu ilikuwa duni kabisa. Sifongo iliyobandikwa kwenye kingo za vilango vya hewa ilikuwa imeoza na kupukutika, kwa hiyo hewa baridi ya nje ilipenya kando ya ile ya moto. Raba za milango zilikuwa zimekauka, na tundu kwenye sakafu ambamo nyaya za zamani za spika zilipita lilikuwa wazi tangu enzi za muziki wa abiria. Mambo haya yaligharimu kidogo kuliko yote na dereva ndiyo aliyoyasifu zaidi. Kuhusu kioo, alikuwa na mazoea ya kuweka hewa izunguke ndani kwa ndani akiamini ya nje italeta baridi, wakati gambuti zake zenye maji na pumzi yake ndivyo vilivyokuwa vikilisha ukungu. Hewa ya nje iliyopashwa ni kavu kuliko ile ya ndani, na ndiyo inayosafisha kioo.

Baada ya matengenezo, nyumba ya thamostati ilisoma nyuzi 80 na kitu kwenye tambarare na haikuporomoka Salgaa. Kwenye mlima wa kutoka Nakuru hadi Mau Summit geji ilikaa chini kidogo ya katikati. Kioo kilisafika. Suala la mchana liliishia hapo.

La usiku ni tofauti, na sitadai kwamba lilimalizika vizuri vile.

Mtu anayelala garini kwenye nyanda za juu huwa ameshashauriwa na mtu fulani aingize jiko la makaa kwa muda mfupi kabla ya kulala, "likishakolea halina moshi." Kutokuwa na moshi ndiko kunakohadaa. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na inapotokea Timboroa, ambako hewa yenyewe tayari imepungua, mwili una akiba ndogo zaidi ya kujitetea. Katika chumba cha ukubwa wa HiAce hakuna kiasi kidogo cha makaa kilicho salama. Vivyo hivyo kwa kuacha injini ikinguruma usiku: dizeli ikiwa tupu bila mzigo hutoa joto kidogo, na ekzosi hujikusanya chini ya gari lililosimama, hasa likiegeshwa kando ya ukuta wa zizi. Wenye Volkswagen Kombi za zamani zinazopozwa kwa hewa wawe waangalifu hata wakiwa barabarani, kwa sababu hita yao huchota joto moja kwa moja kwenye mabomba ya ekzosi, na bomba lililotoboka kwa kutu huingiza gesi hiyo pamoja na joto.

Gari hili lilikuwa na hatari yake ya pekee. Nitrojeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri, na lita moja ikigeuka hewa hujaza takriban lita 700. Mfuniko wa mtungi hauzibi kabisa, kwa makusudi, ili mvuke utoke. Kwa kawaida mvuke huo ni kidogo, lakini mtungi ukipinduka ndani ya chumba kilichozibwa kila upenyo ili kihifadhi joto, oksijeni husukumwa nje na aliyelala hapati hata dalili ya kukosa pumzi. Kila hatua ya kuziba baridi ilibidi ipimwe kwa hilo. Mtungi ulihamishiwa kwenye sanduku la chuma nyuma, lililotengwa na chumba kwa bati na lenye matundu ya kutokea nje chini yake, na dirisha moja la kando liliwekewa kizuizi kinacholiacha wazi upana wa vidole viwili usiku kucha.

Hita ya dizeli tuliyoombwa kuifunga ingetoa gesi zake nje kwa bomba, na katika hilo ni salama kuliko jiko. Tatizo lake ni mwinuko. Hita za aina hii, zikiwemo za Webasto na Eberspächer ambazo ndizo zilizoigwa, kwa kawaida hupangiwa kufanya kazi bila marekebisho hadi mita 1,500 hivi. Timboroa shinikizo la hewa ni chini ya robo tatu ya lile la usawa wa bahari. Pampu ya hita hudondosha mafuta kiasi kilekile, hewa ya kuyachoma haitoshi, na masizi hujaza chumba cha mwako hadi hita ikatae kuwaka. Kampuni hizo huuza vifaa vya kurekebisha mwinuko, na baadhi ya nakala za China huruhusu kupunguza mafuta kwenye mipangilio yake. Kwa mtu wa Kisumu, iliyo mita 1,130 tu, hita hiyo ingefanya kazi vizuri na asingekuwa na haja nayo. Tulimshauri daktari asiinunue mpaka aone usiku unakuwaje baada ya gari kuvikwa kinga ya baridi kwa ndani.

Kulivika gari kulianza kwa kuvua. Aliyelitengeneza kitanda alikuwa amejaza vipande vya godoro kati ya bati na mbao, na vipande hivyo vilikuwa vimelowa kama vimetoka kufuliwa. Kila pumzi ya aliyelala hutoa unyevu, robo lita au zaidi kwa usiku mmoja. Unyevu huo hukutana na bati baridi na kugeuka maji, na godoro huyanywa, huacha kuzuia baridi, na kuozesha bati kwa nyuma. Badala yake tulibandika povu lisilonyonya maji, la aina ya mikeka ya mazoezi, likishikana na bati bila nafasi ya hewa kupita. Sufu ya kondoo ingefaa pia, kwa kuwa hubeba unyevu kiasi bila kupoteza joto, na Molo ni nchi ya kondoo. Iliachwa kwa sababu tu hakupatikana wa kuiosha na kuitibu dhidi ya nondo kwa wakati. Madirisha, ambayo hupoteza joto kuliko paa na kuta, yalikatiwa vifuniko kutoka kwenye karatasi ya viputo yenye ng'aro ambayo hadwea huuza kwa ajili ya kuweka chini ya mabati. Pazia zito liliwekwa kati ya viti vya mbele na kitanda, kwani kioo kikubwa cha mbele hakina namna ya kukishinda. Kitanda kiliinuliwa juu ya chaga ili hewa ipite chini ya godoro.

Baada ya hapo tulimpa kitu ambacho bibi yake angempa: chupa ya mpira ya maji moto. Lita mbili za maji zikipoa kutoka nyuzi 80 hadi 30 kwa saa tatu hutoa joto linalokaribia nusu ya lile la mwili wa mtu mzima aliyelala kwa muda uleule, na hulitoa ndani ya blanketi, miguuni, si kwenye paa. Maji hupashwa kwa jiko la gesi nje ya gari kabla ya kupanda kitandani. Kingʼora cha kaboni monoksidi kinachotumia betri kilifungwa usawa wa mto, kwa kuwa wafugaji hukaribisha watu kwa jiko na si rahisi kukataa kila mara.

Anasema sasa hulala hadi alfajiri, ingawa pua hubaki baridi, na dari haidondoshi. Usiku wa Januari bado haujalijaribu gari, na ikiwa utalishinda, hita ya dizeli yenye kifaa cha mwinuko itarudi mezani. Nafasi yake imeachwa wazi. Hita ya nyuma ya kiwandani, ambayo hupashwa na maji yaleyale ya injini na ingeweza kulipasha godoro wakati wa safari ya jioni kwenda shambani, bado ipo chini ya sakafu lakini hozi zake zilikatwa na kuzibwa kwa boliti wakati gari lilipokuwa matatu. Kuiunganisha kunahitaji hozi mpya ndefu zinazopita juu ya ekzosi, na tumekubaliana ingoje hadi kulanti iliyomo ithibitishe kwamba haishuki, kwa sababu kila kiungo kipya ni mahali papya pa kuvuja, na gari hili likipungukiwa maji mlimani kuna mtu atakayefungua tena nyumba ya thamostati.